Msimbo wa Zamani: Nani Atasema "Bado Tunautumia"?



Safari hii tumeleta historia ambayo haina mfalme wala vita. Ni historia ya kitu ambacho wengi wetu tunatembea nacho mfukoni bila kukiona, yaani kerneli ya Linux. Ukishuka ndani ya simu ya Android, chini ya WhatsApp na chini ya picha zako zote, utakuta programu moja kubwa inayoongea na vyuma vyenyewe: prosesa, memori, betri, kioo. Programu zingine zote zinapita kwake kuomba. Hiyo ndiyo kerneli, kiini cha mfumo endeshi. Ndiyo hiyo hiyo iko ndani ya kompyuta zote zinazotumia Ubuntu, Debian au Fedora.

Swali letu ni hili. Ndani ya kerneli hiyo kuna msimbo mwingi wa zamani, mgumu kusoma, ulioandikwa kwa ajili ya mashini ambazo huko Ulaya zimeshatupwa. Je, ubakizwe au uondolewe? (Tunasema msimbo, hatusemi kodi. Kodi tunalipa sokoni.)

Mtu atauliza, sasa hiyo inahusu nini mkimbizi? Inahusu, juu mashini zinazotufikia sisi ni zile ambazo wengine wamekwisha kuzitumia. Laptopu inazaliwa kiwandani, inafanya kazi ofisini miaka mitano, inakaa stoo miwili, halafu inapewa shirika, na shirika linaileta kwetu. Siku inapofika Kamembe iko na umri wa mwanafunzi wa shule ya msingi. Kwa hiyo wakati waandishi wa kerneli wanajadili "mashini za zamani", wanajadili darasa letu, hata kama hawatujui.

Tuanze mwanzo. Mwaka 1991, mwanafunzi wa miaka 21 huko Helsinki, Finland, jina lake Linus Torvalds, alianza kuandika mfumo wake mwenyewe kwenye kompyuta yake yenye prosesa ya Intel 386. Aliwaambia watu kwamba ni kitu cha kujifurahisha tu, hakitakuwa kikubwa. Toleo la kwanza lilikuwa na mistari kama elfu kumi. Mwanzoni mwa 2025 kerneli hiyo ilikuwa imepita mistari milioni 40. Sehemu kubwa ya mistari hiyo ni draiva, ule msimbo unaojua kuongea na kifaa fulani maalumu: kadi hii ya mtandao, printa ile, kamera ile nyingine.

Sasa sikilizeni kilichoipata ile 386, prosesa iliyoizaa Linux. Mwezi wa 12 mwaka 2012 mhandisi Ingo Molnar alileta kiraka cha kuiondoa kabisa, na Torvalds akakipokea. Aliandika kwa ufupi kwamba yeye si mtu wa kulilia ya kale. Toleo la 3.8, lililotoka mwanzoni mwa 2013, halikuwaka tena kwenye mashini ya aina ile ambayo Linux ilizaliwa juu yake.

Juu ya nini? Hakukuwa na chuki. Prosesa ya 386 ilitoka 1985, na ilikosa vitu viwili ambavyo ndugu zake wote waliofuata wako navyo. Cha kwanza: prosesa za baadaye zinaweza kusoma namba kwenye memori, kuilinganisha na kuibadilisha kwa pigo moja, bila mwingine kuingilia katikati. 386 haikuweza, kwa hiyo kila mahali ambapo kazi mbili zinagombea kitu kimoja ilibidi kuwe na njia ya pembeni kwa ajili yake peke yake. Cha pili ni kizito zaidi. Kwenye memori unaweza kuweka alama ya "usiandike hapa". 386 iliiheshimu alama hiyo kwa programu za kawaida, lakini kerneli yenyewe ikiwa kazini, prosesa iliiruka alama kama vile haiko. Basi kerneli ilibidi ijikague yenyewe kwa mkono kila mara kabla ya kuandika. Fikiria mlinzi ambaye anazuia wageni wote mlangoni lakini akiona mwenye nyumba anafumba macho, hata kama mwenye nyumba anabeba moto.

Mistari ya 386 yenyewe ilikuwa michache. Mzigo wake ulikuwa kwa mtu anayerekebisha sehemu nyingine kabisa: alilazimika kila mara kujiuliza, na 386 je? Molnar alilisema hilo wazi, kwamba ugumu huo uliwapa kazi ya ziada kwa miaka mingi. Hapo ndipo tunaanza kuelewa kwamba urefu wa msimbo haupimi taabu yake. Draiva ya mistari elfu tatu iliyojitenga kwenye folda yake haimsumbui mtu. Mistari mia iliyopenya katikati ya kila kitu inasumbua wote.

Tusidhani lakini kwamba watu wa kerneli wanapenda kutupa vitu. Torvalds ana sheria moja anayoisimamia kwa ukali kuliko zote: programu ya mtumiaji iliyokuwa inafanya kazi jana isivunjwe na kerneli mpya ya leo. Ametukana watu hadharani juu ya sheria hiyo (na baadaye, mwaka 2018, aliomba radhi juu ya lugha yake, lakini sheria yenyewe hakuibadilisha). Ndiyo maana kutoa kitu kunaendaga pole pole. Kwanza wanatangaza kwamba msimbo fulani umezeeka. Wanangoja, mara nyingine miaka. Akitokea mtu akasema "mimi bado natumia, na niko tayari kujaribu viraka", mara nyingi unabaki. Kukiwa kimya, unaondoka. Mfumo wa mafaili wa ReiserFS ulitangaziwa kifo 2022 na ukatolewa mwisho wa 2024. Itifaki ya mtandao ya DECnet ilitolewa 2022. Prosesa ya Itanium, ambayo Intel na HP waliitangaza kama wakati ujao wa kompyuta kubwa, msimbo wake ulitolewa 2023.

Tafadhali shikeni hilo neno, kimya. Tutalirudia.

Kuna wenzetu katika kikundi waliosema kwamba kuondoa ni dhambi tu, ni matajiri kufunga mlango. Tulibishana sana juu ya hilo, na tuliobaki upande wa pili tuliwaletea mifano miwili.

Wa kwanza ni DCCP. Ni itifaki ya kutuma data, iliingia kwenye kerneli 2005, na dunia haikuitumia sana. Lakini mifumo mingi iliibeba hivyo hivyo. Mwaka 2017 mtafiti Andrey Konovalov aligundua tundu ndani yake: mtumiaji wa kawaida aliyeko tayari kwenye mashini angeweza kulitumia kujifanya bosi wa mashini nzima. Tundu hilo lilikuwemo tangu 2005. Miaka kumi na miwili mlango uko wazi kwenye chumba ambacho karibu hakuna mtu anayelala humo, na kwa sababu hiyo hiyo hakuna aliyekagua kitasa. DCCP ilitolewa 2025.

Wa pili una uchungu zaidi. Mwaka 2016 iligunduliwa hitilafu iliyopewa jina Dirty COW, nayo pia ilimpa mtumiaji mdogo nguvu ya kuandika mahali asiporuhusiwa. Mashini nyingi sana ziliguswa, na simu za Android zikiwemo. Torvalds alipoiziba aliandika kwamba ni hitilafu ya kale, kwamba yeye mwenyewe alijaribu kuitibu miaka kumi na moja kabla, lakini tiba ile ikarudishwa nyuma kwa sababu ilileta matatizo kwenye s390, yaani kompyuta kubwa za IBM, zile za mabenki. Yaani kwa ajili ya aina moja ya mashini, wengine wote walikaa na kidonda. Ugumu wa kubeba kila mtu unaumizaga pia wale unaowabeba. Na mkimbizi ambaye simu yake haipati tena masasisho ndiye anayebaki na tundu mpaka siku simu inakufa.

Kwa hiyo hapana, hatusemi vyote vibaki.

Tuje sasa hapa nyumbani, Rwanda, kwa mashini moja ya kijani na nyeupe ambayo wengi wenu mmeiona. Mradi wa OLPC, laptopu moja kwa kila mtoto, ulitangazwa 2005 na Nicholas Negroponte wa chuo cha MIT, Marekani. Ahadi ilikuwa laptopu ya dola 100. Iliishia karibu dola 200. Rwanda ilianza mpango huo 2008 na ikawa kati ya nchi zilizochukua nyingi kuliko zote Afrika, zaidi ya 200,000. Laptopu ile ya kwanza, XO-1, ilikuwa na prosesa ya AMD Geode ya megahezi 433, memori ya megabaiti 256, na kioo ambacho ungeweza kukisoma juani. Ndani yake ilikuwa Linux, ya ukoo wa Fedora, na juu yake mazingira ya watoto yaitwayo Sugar.

Mashini ile haikufanana na nyingine. Betri yake, namna ya kulala na kuamka, vitufe vyake, vyote vilihitaji msimbo wake maalumu. Wahandisi hawakuuficha msimbo ule nyumbani kwao. Waliupeleka kwenye kerneli kuu, na katika sehemu ya prosesa za x86 kuna folda yenye jina la OLPC. Tuliifungua kwenye kerneli ya 2025 tukaikuta. Mradi wenyewe umepoa siku nyingi, shule za Rwanda zimehamia laptopu za Positivo tangu kati ya miaka ya 2010, lakini ile folda imekaa. Haimsumbui mtu, imejitenga.

Kumbe kilichoiua XO si kerneli. Hapa tunaomba msomaji atulie kidogo, juu watu wengi wanachanganya. Kerneli ni kama unga. Usambazaji kama Fedora au Debian ndio wanaopika. Unga unaweza kuwepo na jikoni likafungwa. Mwaka 2019 Fedora, kuanzia toleo la 31, iliacha kutengeneza kerneli ya biti 32. Kerneli kuu bado iliijua XO vizuri kabisa, ila jiko lake la asili halikupika tena chakula chake. Debian iliendelea, lakini toleo la 12 la mwaka 2023 lilianza kudai amri moja ndogo ya prosesa ambayo Geode ile haina. Amri yenyewe, tuwaambie ukweli, kazi yake ni kutofanya chochote. Ni ya kujaza nafasi tu. Mashini nzima imekataliwa kwa kukosa kujua namna fulani ya kukaa bure. Tulicheka sana tulipoelewa, halafu tukaacha kucheka.

Kwa nini hakuna aliyelia? Laptopu 200,000 na zaidi, katika nchi moja. Jibu letu ni lile neno la juu. Mtoto wa Nyamasheke au wa Bugarama aliyekuwa na XO hakujua kwamba kuna mahali mtu anauliza "nani bado anatumia?" Mwalimu wake hakujua. Swali linaulizwa kwa Kiingereza, kwa barua pepe, mbele ya watu wanaojuana. Mwenye kompyuta ya makumbusho kule Ujerumani anajibu siku hiyo hiyo, na mashini yake moja inahesabika. Sisi kimya chetu kinasomeka kama hatupo.

Watu wa Rusizi wanaelewa habari ya kutunza kitu cha zamani kuliko wanavyofikiri. Tazameni mto wetu. Bwawa la Rusizi ya kwanza lilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1950, wakati wa Wabelgiji. La pili likaja 1989, la ushirika wa Kongo, Rwanda na Burundi. Lile la kwanza mpaka leo linatoa umeme. Hakuna mtu mwenye akili aliyesema libomolewe kwa kuwa ni la zamani, lakini pia halijiendeshi lenyewe: taka za plastiki zinazoshuka na maji ya Kivu zimewahi kuziba mitambo mpaka umeme ukapungua Bukavu, na watu wanatoka na mitumbwi kuzoa machupa. Bwawa linabaki kwa sababu kuna mtu wa kuzoa. Msimbo ni hivyo hivyo. Kule kwenye kerneli, neno "ubaki" bila jina la mtu wa kuutunza halina maana, na kampuni kubwa zinalijua hilo: tangu 2016 kuna mradi uitwao Civil Infrastructure Platform, ambamo Siemens, Toshiba na Hitachi wanalipia watu watunze matoleo machache ya kerneli kwa miaka kumi au zaidi, kwa sababu treni na mitambo ya umeme haibadilishwi kila baada ya miaka mitatu. Wao wako na pesa ya kusema "bado tunautumia".

Sasa mjadala umefika kwenye biti 32 zote. Mwezi wa 4 mwaka 2025 Molnar, yule yule, alipendekeza kuondoa 486 na prosesa za kwanza za 586. Kwa hizo hatuna neno. Hatujaona 486 hata kwa fundi wa Kamembe mwenye stoo chafu kuliko wote. Lakini nyuma yake kuna jambo kubwa zaidi linaloitwa memori ya juu. Kerneli ya biti 32 kwenye x86, kwa kawaida, inaona moja kwa moja megabaiti kama 896 tu za memori. Zikizidi, inafanya kama muuzaji mwenye meza moja ndogo sokoni na stoo nyuma: kila mteja akitaka kitu cha stoo, akitoe, akiweke mezani, akiuze, arudishe kingine. Ujanja huo umepenya kila kona ya utunzaji wa memori. Umefanana na 386, haukufanana na folda ya OLPC. Mwaka 2025 wahandisi walijadili waziwazi jinsi ya kuupunguza na mwishowe kuutoa.

Angalieni ajabu yake: XO yenye megabaiti 256 haihitaji ujanja huo hata kidogo. Maskini kabisa hana mzigo. Mzigo ni ile mashini ya katikati, biti 32 yenye memori ya gigabaiti mbili au tatu.

Na katika haya haya kuna watu waliofanya kazi ya kimya kwa ajili ya mashini ndogo. Saa ya biti 32 inajaa tarehe 19 mwezi wa 1 mwaka 2038. Baada ya hapo inarudi nyuma kama mtu aliyepotewa na akili. Arnd Bergmann na wenzake walitumia miaka kurekebisha hilo, na toleo la 5.6 la mwaka 2020 likawa la kwanza ambalo mashini ya biti 32 inaweza kuuvuka mwaka huo. Bergmann huyo huyo ndiye anayeeleza leo kwa utulivu ni biti 32 zipi zitabaki na zipi zinakwenda. Tunamwamini kwa sababu ametunza kabla ya kutaka kuondoa.

Mwezi wa 8 mwaka 2025 Debian 13 ilitoka bila kisakinishi wala kerneli kwa kompyuta za biti 32 za x86. Miezi miwili baadaye, tarehe 14 mwezi wa 10, Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 bure kama zamani. Wafanyakazi wa mashirika, mkiona ofisi nyingi zinawapa kompyuta kwa moyo mkunjufu, sababu mojawapo ni hiyo. Hatukatai, zileteni. Nyingi za hizo ni biti 64 na zitafanya kazi na Linux miaka mingi. Lakini kabla ya kupakia gari, mtu mmoja aandike amri `lscpu` kwenye kila mashini, au asome jina la prosesa. Kuna laptopu za Core 2 Duo ambazo ziliwekewa Windows ya biti 32 na watu wakaziita za biti 32 maisha yao yote, kumbe prosesa ni biti 64. Na kuna vilaptopu vidogo vyenye Atom N270 ambavyo ni biti 32 kweli na havitabadilika.

Maoni yetu ni haya, na si wote katika kikundi wamekubali. Memori ya juu iondoke, pole pole, kwa tarehe iliyotangazwa mapema. DCCP imekwenda na iende. Biti 32 za memori ndogo zibaki, pamoja na folda ya OLPC, kwa muda ambao kuna mtu anayeziwasha na kusema kama zimewaka. Mtu huyo anaweza kuwa mmoja wetu. Kujaribu kerneli mpya kwenye mashini ya zamani hakuhitaji diploma. Kunahitaji mashini yenyewe, umeme, subira, na kujua kuandika kwa adabu: mashini ni hii, toleo ni hili, imewaka, au imekwama hapa.

Tumeanza na zile kumi na moja zilizoko kwenye chumba chetu. Nane ni biti 64, mbili kati yake zilikuwa zimewekewa Windows ya biti 32. Tatu ni Atom N270, na hizo tumeziwekea Debian 12, ambayo bado iko na kerneli yao. Jumamosi tunajaribu kerneli mpya tuliyoitengeneza wenyewe kwenye moja ya hizo tatu. Aliye na XO ambayo bado inashika chaji, tafadhali aje nayo.